Shangazi wa Mtoni: “Naogelea Dunga tangu utotoni, Jinja itanishinda?”

Shangazi aliongoza boti za mpira kwenye Mto Nile na Mto Tana hadi goti la kushoto lilipokataa. Sasa anajibu barua zenu akiwa Kisumu.

Vipi Shangazi? Tuko marafiki saba, wengi wetu wa hapa Kisumu. Mmoja wetu anaoa mwezi wa nane, na tunataka kumpeleka Jinja, Uganda, akateremke mto kabla hajafungwa kamba. Mimi nimekulia karibu na Dunga, naogelea ziwani tangu nikiwa mdogo. Wawili hawajui kuogelea kabisa ila wanasema jaketi litawabeba. Bwana harusi ana kilo 110 na kazi yake ni ya kuketi. Tumetumiwa video ya maporomoko ya Bujagali na tunataka safari ya siku nzima, daraja la tano. Nusu siku tunaona ni ya watoto. Tulipe?
*Kijana wa Nyalenda, Kisumu*

Msilipe bado.

Tuanze na hiyo video. Maporomoko ya Bujagali hayapo tena. Yalizama chini ya bwawa la umeme lililozinduliwa mwaka 2012, na bwawa la Isimba la mwaka 2019 likameza mikondo mingine huko chini. Mimi niliyalilia maji yale kama mtu anavyolilia boma lililouzwa, lakini hayo ni yangu. Mto uliobaki bado ni mkali, ila si huo mlioonyeshwa. Kwa hiyo mpigie simu anayewauzia safari umwulize: tunaingia majini wapi, tunatokea wapi, tunapita mikondo mingapi, na kila mmoja ni wa daraja gani? Akikujibu tu kwamba “ni moto sana, mtafurahi”, mshukuru ukate simu.

Madaraja ya ukali wa mikondo ni sita. La kwanza ni maji yanayotembea tu, unaweza kula ndizi yako bila wasiwasi. La pili lina mawimbi madogo na njia iliyo wazi. La tatu ndipo mnapolowa sawasawa, na amri za kiongozi zinaanza kuwa na maana kwa sababu kuna vitu vya kukwepa. (Kiongozi, tafadhali. Kuna mgeni mmoja kutoka Nairobi aliyekuwa akiniita “gaidi” mbele ya askari wa mpakani.) La nne ni nguvu tupu, lakini anayeujua mkondo huitabiri. La tano ni refu na lenye vurugu, na mkikosea mlangoni hampati nafasi ya kujirekebisha katikati. La sita hatupiti na wageni. Kule Nile boti hutolewa majini, ikabebwa nchi kavu.

Sasa sikiliza jambo ambalo wauzaji hawalisemi: daraja hupewa mkondo, na halikuambii utakuwaje ukishaanguka. Nile ni pana, ina kina, maji yake ni ya uvuguvugu, na baada ya mikondo mingi kuna maji tulivu. Ukitupwa nje huko unazungushwa, unakunywa kidogo, halafu mtu wa kayaki, kile kimtumbwi chembamba cha mtu mmoja, anakufuata. Tana pale Sagana ni mwembamba na una mawe. Daraja la tatu la kule linaweza kukuchubua kuliko la nne la Jinja. Ndiyo maana sikuulizi kama u jasiri. Nakuuliza utafanya nini katika sekunde kumi za kwanza ukiwa nje ya boti.

Na hapo, mwanangu, wewe wa Dunga ndiye unayenitia wasiwasi kuliko hao wawili. Asiyejua kuogelea hushika kamba ya boti kama kupe, na akiambiwa jambo hulifanya. Muogeleaji wa ziwani huona ukingo akajisemea “nafika”, akaanza kupiga mikono kukata mkondo. Nayajua kwa sababu mimi pia ni mtoto wa ziwa. Nikiwa mwanafunzi wa kuongoza boti nilianguka kwenye Tana, mahali ambapo maji yalinifika gotini tu. Gotini! Nikasimama. Mguu ukaingia katikati ya mawe mawili, mkondo ukanisukuma mgongoni, nikalazwa kifudifudi huku mguu umebanwa. Mwenzangu aliniinua kwa mabega ya jaketi hadi mguu ukachomoka. Kucha mbili zilibaki mtoni, na goti hili linalonitesa leo lilianzia pale.

Maji ya kiasi cha mita moja ya ujazo yana uzito wa tani moja. Kasi yake ikiongezeka mara mbili, nguvu inayokusukuma inaongezeka mara nne. Hakuna paja la kushindana na hilo. Ukianguka lala chali, miguu mbele kuelekea mto unakoenda, vidole vya miguu vikichungulia juu ya maji, na usisimame hadi makalio yaguse chini. Kuogelea kwa nguvu kuna wakati wake: kiongozi akikuelekeza upande, au ukiona mti umelala mbele yako. Maji hupita kwenye matawi, mtu hapiti.

Basi mchague nini? Mkipanda boti moja, mwenye kuchagua mkondo ni yule anayeogopa zaidi. Bwana harusi hana kura hapo. Uzuri wa Nile ni kwamba una visiwa vingi, na mahali pengi kuna njia kali na njia ya upole ya kupitia. Ombeni boti mbili. Hao wawili na yeyote mwenye moyo mzito wachukue ile ya upole, nyinyi wengine mwende kwenye mkali, mkutane chini. Kama boti ni moja, chukueni nusu siku. Ina maji ya kuwatosha, na sijaona mtoto yeyote akitoka huko akilalamika kwamba haikuwa ya watu wazima.

Kabla ya kuondoka ukingoni, kila mmoja afunge jaketi lake, kisha mwenzake alivute juu kwenye mabega. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa au halikukazwa. Jaketi lisilofunga mbele ya tumbo la bwana harusi si lake, hata wakimwambia “litatosha tu”. Muombeni kiongozi awafundishe kumrudisha mtu botini: mnashika mabega ya jaketi, mnamzamisha kidogo, kisha mnajitupa nyuma, na jaketi lenyewe linamrusha juu. Kilo 110 zinaingia, nimeshaingiza zaidi ya hizo. Kiongozi asiyewafanyisha mazoezi hayo kwenye maji tulivu kwanza, shukeni kwenye boti yake. Na hesabuni kayaki za uokoaji. Boti mbili bila hata kayaki moja, rudini nyumbani mle samaki.

Pombe ni jioni, baada ya mto. Usiku wa kuamkia safari pia hapana.

Ya njiani ni machache. Kutoka Kisumu, Jinja ni karibu kuliko Sagana, mnapitia Busia. Tangu 2014 Mkenya anavuka kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa, ila bebeni na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Na kwa kuwa maji yale yana kichocho kama haya ya ziwa letu, mwende hospitali mkapimwe miezi miwili au mitatu baadaye. Mkipimwa wiki inayofuata mtaambiwa mko sawa hata kama hamko.

Hujambo Shangazi? Nina mtoto wa kiume wa miaka 12 anayetaka kwenda Sagana likizo ya Aprili. Mimi nina miaka 45, siogelei, lakini sitaki aende peke yake. Inawezekana?
*Mama wa Lanet, Nakuru*

Inawezekana, ila si Aprili. Maji ya Sagana yanatoka Aberdare na Mlima Kenya, na masika yakinyesha huko juu, mkondo wa daraja la tatu unaamka ukiwa wa nne. Nile inayotoka ziwani hupitia mabwawa ya Jinja kwanza, kwa hiyo haishtuki kwa mvua ya jana usiku. Tana hushtuka. Subirini likizo ya Agosti, maji yakiwa chini.

Mwambie anayewapokea kwamba mnataka kile kipande cha juu, cha maji mapole, na kwamba mtatoka kabla ya mikondo mikubwa. Mtu mwaminifu hatawabembeleza mwendelee. Jaketi la mtoto liwe la uzito wa mtoto, maana la mtu mzima humwacha chini likaelea lenyewe. Maji yale ni baridi kuliko mnavyodhani, kwa hiyo bebeni sweta na chai kwenye chupa. Kama unavaa miwani, ifunge kwa kamba nyuma ya kichwa. Nakuonea wivu kidogo, mama. Wangu walikataa kabisa kuukaribia mto baada ya kuona kucha zangu.

Shangazi, kwa nini twende mbali? Nzoia iko hapa. Tumepata tyubu nne za gurudumu la trekta na kamba.
*Vijana wa Webuye*

Wanangu, hapana. Nzoia unashuka kutoka Cherang'any na Mlima Elgon, na mvua ya huko huwafikia nyinyi mkiwa kwenye jua kali, bila onyo. Pale Nabuyole maji yanaanguka kwenye miamba. Penye ukuta wa kuzuia maji ndipo panaponitisha zaidi, kwa sababu panaonekana pamelala: maji yanaanguka, yanajikunja, yanakurudisha ukutani, tena na tena, na jaketi halikutoi. Huko chini kuelekea Budalang'i kuna viboko.

Tyubu haina kamba ya kushika pembeni, huwezi kuigeuza, na shina la valvu linachana ngozi. Hiyo kamba mnayotaka kujifunga nayo ndiyo mbaya kuliko vyote. Mtu aliyefungwa kamba kwenye mkondo huvutwa chini kamba ikinasa.

Ila kamba yenyewe msiitupe. Tafuteni mfuko, ikunjeni ndani, mmoja wenu asimame mita 15 mbali, na mjifunze kuirusha impite begani. Fanyeni hivyo kwenye uwanja wa mpira, nchi kavu. Mkifika mahali ambapo kila mmoja anampata mwenzake mara nane kati ya kumi, niandikieni tena. Nitapanda matatu nije Webuye Jumamosi moja, goti au hakuna goti, niwaonyeshe yanayofuata.