Nimpeleke mwanangu makumbusho ya Hampden?

SWALI: Kaka habari za kazi. Naishi Newcastle, mwanangu ana miaka 10 na kwake mpira ndo kila kitu. Likizo hii tunaenda Glasgow kwa wifi yangu, anasema kuna makumbusho ya mpira wa Uskoti pale uwanja wa Hampden. Mi mpira siujui kivile, naogopa tutaishia kuangalia makombe mtoto aboreke. Kuna cha maana kweli?
Mama Junior

JIBU: Mama Junior, mpeleke tu. Mnapanda treni Glasgow Central mnashuka Mount Florida, hapo mnatembea kwa miguu.

Mkiingia tafuteni Kombe la Uskoti, la fedha, la mwaka 1873, hakuna kombe la taifa la mpira lililo kongwe kama hilo duniani, maana la FA la Waingereza lilitangulia kidogo ila lile la kwanza liliibiwa dukani Birmingham 1895 na halikuonekana tena. Halafu kuna tiketi ya tarehe 30 Novemba 1872, Uskoti na Uingereza, mechi ya kwanza rasmi ya kimataifa, iliisha 0-0. Ni kikaratasi tu, lakini msikipite haraka jamani, mwambie Junior mechi zote za mataifa anazoziona kwenye tivii zilianzia hapo.

Ila kuna mtu mmoja nataka mtoto atoke Hampden anamjua, Andrew Watson. Waulizeni wahudumu habari zake. Alizaliwa Demerara, Guyana ya leo, na ndo mtu mweusi wa kwanza kuchezea timu ya taifa, klabu yake Queen's Park ndo walikuwa wenyewe wa Hampden hadi 2020. Machi 1881 mechi yake ya kwanza kabisa wakampa unahodha, akiwa beki, wakaenda London wakaipiga Uingereza 6-1, nyumbani kwao! Akacheza mechi tatu akashinda zote. Watoto wetu wanaokulia huku wanahitaji sana kulijua jina hilo, maana wengi wanadhani watu weusi wameingia kwenye mpira wa huku juzi juzi tu.

Na usinunue tiketi ya makumbusho peke yake, chukua na ya kuzungushwa uwanjani, mnaingia vyumba vya kubadilishia nguo mnapita kwenye tanel wanayotokea wachezaji, hapo Junior hatachoka. Angalia ratiba kwanza, siku za mechi na matamasha huwa hawazungushi watu.