Miche inalala chini, nimeweka yurea ikazidi

SWALI: Shikamoo mtaalamu, niko Ilula hapa Iringa, nimesia mbegu za nyanya kitaluni zikaota vizuri kabisa, siku ya 10 hivi nikaona miche inalala chini mmoja mmoja, nikajua hiyo njaa, nikaweka yurea, siku tatu mbele nusu ya tuta imelala. Nimeuziwa mbegu mbovu au?

JIBU: Marahaba binti yangu, pole sana. Mbegu usizisingizie, zingekuwa mbovu zisingeota hivyo. Ng'oa mche mmoja uangalie pale shina linapogusa udongo, kama pamenywea pamekuwa kauzi ka kahawia huku majani ya juu bado kijani, hiyo ni kinyausi, inaletwa na vimelea vya udongoni kama Pythium na Rhizoctonia.

Sasa hiyo yurea, ina naitrojeni asilimia 46, na mche wa siku 10 haujaanza kudai mbolea nyingi kiasi hicho. Ukiumwagia unakimbilia kurefuka, shina linakuwa laini limejaa maji, kuta za seli nyembamba, kimelea anapenya bila shida. Kinachokaza shina ni kalsiamu, ndiyo inashikilia pektini, ile gundi inayounganisha seli, na Pythium akitaka kuingia anayeyusha gundi hiyohiyo, kwa hiyo kalsiamu ikitosha anapata kazi kweli.

Mche uliolala hauinuki tena. Utoe pamoja na udongo wake ukautupe mbali, yurea acha kabisa, miche iliyosongamana ipunguze upepo upite, na mwagilia asubuhi tu ili jioni udongo wa juu uwe umekauka. Hili la maji mimi naliweka mbele ya mbolea zote, tuta likishinda limelowa hata kalsiamu haikuokoi.

Kitalu kijacho tumia samadi iliyooza ikapoa, na wiki mbili kabla ya kusia changanya majivu ya kuni konzi moja kwa mita ya mraba, yana kalsiamu na potasiamu, ila usiyaweke pamoja na yurea maana naitrojeni itapotea hewani. Miche ikishatoa majani mawili ya kweli na ukaona inapauka, hapo ndiyo uinyweshe CAN, mbolea yenye naitrojeni na kalsiamu, kijiko kimoja cha chai kwenye lita 10 za maji, halafu suuza majani kwa maji safi yasiungue.