Ukienda Mwanza wiki moja kusalimia ndugu, panga siku zako kwa barabara

Mwisho wa mwaka ukikaribia simu zinaanza. Shangazi anauliza mnakuja lini, rafiki uliyesoma naye anasema safari hii usipofika kwangu nakununia, na wewe ruhusa ya kazini ni wiki moja tu. Mimi naishi Dar ila ndugu zangu karibu wote wako Mwanza, na kwa jinsi nilivyokwenda na kurudi miaka yote hii, ushauri wangu mkubwa ni huu: usipange wiki kwa kufuata orodha ya majina, panga kwa barabara.

Anayelijua jiji atanielewa haraka. Huku ziwa, huku milima ya mawe, kwa hiyo watu wengi wamejenga wakifuata barabara tatu. Kenyatta inakwenda Mkuyuni, Nyegezi mpaka Buhongwa, Nyerere inakwenda Mabatini, Buzuruga, Nyakato mpaka Igoma, Makongoro nayo inakwenda Kirumba, Pasiansi mpaka airport. Zote zinaanzia mjini kati, sasa ukisema asubuhi ninywe chai Buhongwa, mchana nile Igoma, jioni nikae Kirumba, siku nzima imeishia kwenye daladala na kila nyumba umeingia umechoka unaangalia saa. Kila barabara ipe siku yake, na kwa siku ingia nyumba mbili, zikizidi sana tatu. Mtu uliyekaa naye dakika kumi ukanywa soda ukaondoka, huyo hamjaonana.

Anza na wazee, na usiwabane na muda. Bibi yangu yuko Igoma, yeye mkiwa mezani anaongea mambo ya kawaida tu, mvua, mahindi, nani kaoa. Maneno yenyewe yanaanza mkishamaliza kula, anavuta ungo wake anachambua maharage, hakuangalii usoni kabisa, anauliza taratibu huku anatupa vijiwe pembeni, vipi mwenzio, mbona kazi inakukondesha hivi, yule mdogo wako mnaongea siku hizi? Hapo ndo nakaa chini kwenye mkeka nachambua naye, na mengi ninayoyajua kuhusu familia yetu nimeyasikia hapo kwenye ungo. Kwa hiyo kwa mzee usiende na kiherehere cha "bibi nina sehemu nyingine". Beba sukari na sabuni, ukipenda na kitenge, msalimie kwa Kisukuma, mwangaluka, kama ni asubuhi, halafu tulia.

Kuhusu utakapolala, chagua nyumba moja uwe unarudi hapo kila siku. Kuhamahama na mabegi kunachosha watoto, na kunawachosha wenyeji zaidi maana kila nyumba inabidi ianze kutafuta shuka na godoro. Na tafadhali mchango wa chakula mpe mama mwenye nyumba siku ya kwanza, mkononi, mkiwa wawili, sio siku ya kuondoka. Siku ya kuondoka inakuwa kama asante, wakati yeye wiki nzima amekuwa akikopa unga na mafuta dukani bila kukwambia. Kama mnaweza kuamka, mkasubirie samaki soko la Mwaloni pale Kirumba asubuhi, na mkirudi msimwachie wifi peke yake kupaa na kukaanga.

Kama una ndugu Mabatini, Igogo au Bugarika wanaoishi kule juu kwenye mawe, nenda mchana na viatu vya chini. Boda inakufikisha mahali inakushusha, kuanzia hapo ni miguu kupita kati ya nyumba za watu na mawe, na mvua ikishanyesha panateleza sana. Mpigie mtoto wa pale nyumbani ashuke akupokee.

Wa Sengerema siku hizi hawana sababu ya kulalamika, daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa 2025, lina kama kilomita 3, mambo ya kusubiri kivuko yameisha, unakwenda unashinda unarudi jioni. Ukerewe ni tofauti, ile ni safari ya meli, kama huna nafasi ya kulala huko basi wapigie simu uwaambie ukweli mapema, kuliko kuwaahidi wachinje kuku halafu usitokee.

Watoto watakuomba kuogelea ziwani. Mimi wangu nawakatalia, hata wakilia, maana kichocho kipo na kinaingia kwa kupita kwenye ngozi, haihitaji kunywa maji. Nawapeleka kisiwa cha Saanane badala yake, boti inaondokea mjini hapo hapo haichukui muda, wanaona pimbi wamelala juu ya mawe, wanaona na swala, na binamu zao wanaoishi Mwanza kila siku unakuta nao hawajawahi kufika, kwa hiyo nawalipia waende wote.

Siku ya mwisho usiweke mgeni wala nyumba yoyote, ni ya kufunga mizigo. Dagaa chukua kiganjani usugue kidogo, ukisikia mchanga waache, tafuta wale walioanikwa kwenye vichanja. Halafu angalia na mwezi, dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali wanaadimika na bei inapanda, kwa hiyo wiki yako ikiangukia hapo wanunue mapema ukiwaona. Sato wapaliwe magamba na kutolewa matumbo, wagande kwenye friza usiku kucha, wafungwe magazeti mengi kisha boksi, na kabla hujakata tiketi uliza kama basi lenu linapokea samaki wabichi, mengine wanakataa kabisa na utajua hilo stendi alfajiri mzigo ukiwa mkononi.