Kisu cha Seramiki Safarini

SWALI: Ninakwenda London kumtembelea mwanangu na ningependa kumchukulia kisu cha jikoni cha seramiki. Je, kwa kuwa si cha chuma, nitaruhusiwa? — Msomaji, Wete, Pemba.

JIBU: Kukosa chuma hakukusaidii, bibi. Nchini Uingereza, kisu kisichogunduliwa kwa urahisi na mitambo ya kutambua metali kimepigwa marufuku, isipokuwa kiwe kimetengenezwa kwa matumizi ya nyumbani au ya chakula, kama hicho chako, ambacho kwa hiyo kimesalimika. Kifunge vyema ndani ya mzigo unaokabidhiwa uwanjani, si mkobani, maana eksirei hukiona. Mwanao naye asitembee nacho mitaani bila sababu ya msingi, kwani kinachoruhusiwa bila sababu ni kisu kidogo cha kukunja, chenye makali yasiyozidi inchi 3.