Jibu la msomaji: Nyimbo nilizokuwa nikiziruka

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Kusikiliza kitabu, je, ni kukisoma?" Ningeweza kusema ndiyo nikaenda zangu. Lakini kuna kitabu nilichokisoma kwa macho mara mbili, na leo nakiri kwamba sikuwa nimekisoma.

Ni The Hobbit cha J.R.R. Tolkien, kilichotoka Uingereza mwaka 1937. Mara zote mbili nilifika ukurasa wa mwisho, sikatai. Ila kila nilipoona mistari mifupi mifupi imejipanga katikati ya ukurasa, nilijua ni wimbo, na jicho likaruka. Mbilikimo wanaimba wakiosha vyombo vya Bilbo, mhusika mkuu, naruka. Wanaimba dhahabu yao iliyoporwa na joka Smaug, naruka. Safari hii nikachukua toleo la sauti la Rob Inglis, saa kama 11 hivi, na yule bwana haruki kitu. Anaziimba. Wimbo wa dhahabu ulinikuta nakunja nguo. Nikabaki na shati mkononi mpaka ukaisha. Ndipo nikaelewa kilichomwasha Bilbo, mtu wa kupenda kiti chake na chai yake, hata akatamani kuiona milima. Miaka yote nilidhani ni msukumo wa mchawi Gandalf tu!

Hata majina ya hao mbilikimo. Dori, Nori, Ori, Oin, Gloin, Bifur, Bofur, Bombur. Kwenye karatasi ni rejista ya darasa. Masikioni ni watoto wanaruka kamba.

Wala si ajabu, maana hadithi hii ilianza kwa mdomo. Tolkien aliwasimulia wanawe kwanza, na Christopher, akiwa bado mdogo sana, alimkatiza: mara ile mlango wa Bilbo ulikuwa wa buluu, mbona leo ni wa kijani? Baba ikabidi aende kuandika pembeni asije akasahau tena.

Lakini utamu wenyewe uko sura ya 5, Bilbo na Gollum, kiumbe anayeishi gizani, wakitegeana vitendawili chini ya mlima. Sisi ukishindwa unatoa mji, yameisha. Bilbo akishindwa analiwa. Kitabuni jibu limekaa mistari michache tu chini ya swali, na jicho ni mwizi, limeshachungulia kabla hujafikiri. Kwa sauti huna pa kuchungulia. Nilizima taa makusudi. Kuna kimoja kinamkaba Bilbo kabisa, anataka kuomba aongezewe wakati, ulimi unakwama, linamtoka neno moja tu, "Wakati!", na kumbe ndilo jibu. Nilicheka peke yangu gizani kama mwendawazimu.

Hasara zipo. Ramani ya Thror, mfalme wa zamani wa mbilikimo, ile yenye herufi zinazosomeka kwa mwanga wa mwezi tu, haisikiki. Kwa hiyo kitabu cha karatasi sijakigawa. Halafu kuna usingizi. Usiku mmoja nilisinzia mbilikimo wakifungiwa ndani ya mapipa, nikashtuka joka limeshakufa (samahani kwa ambaye hajafika huko). Nikarudisha nyuma sura tano nzima, na Smaug akafa upya, safari hii nimekaa kitako, macho makavu.