Ukiona kinyota mbele ya neno, punguza spidi

Juzi usiku msomaji mmoja kaniandikia, "Kaka, neno kniga la Kirusi asili yake wapi? Nipe jibu moja tu." Meseji nimeirudia mara tatu, maana na mimi hilo jibu moja ndo lilinimaliza.

Nilikuwa mwaka wa pili huko huko Urusi, nikapewa semina kuhusu hiyo kniga, neno lao la kitabu. Sasa sisi kitabu tumekitoa kwa Waarabu, kitāb, tukaisikia ile ki- ya mbele tukapata na vitabu, basi nikaona la Waslavi, yaani Warusi na ndugu zao wa lugha, nalo lazima lina njia nyoofu hivyo hivyo. Nikasoma sehemu kwamba limeanzia Uchina, kwenye neno la hati ya kukunja, likabebwa na Waturuki wa kale mpaka kwa Waslavi. Nikasimama nikasema limetoka Uchina, nukta. Mwalimu akaniuliza, hilo la Kituruki lililokaa katikati umeliona limeandikwa wapi? Nikanyamaza. Nalo lina kinyota (*) mbele yake, limekisiwa. Miaka imepita na ule ukimya wa darasani bado unaniuma.

Jamani, kinyota maana yake hakuna aliyeliona neno lenyewe. *kъniga ya Mame-Slavi, yaani lugha mama ya lugha zote za Kislavi, imejengwa kwa kulinganisha kniga ya Kirusi, kniha ya Kicheki, księga ya Kipolandi, ndo hivyo. Maandishi ya Kislavi yameanza karne ya 9, enzi za Cyril na Methodius, wale ndugu wamisionari waliowatungia Waslavi herufi, na humo neno tayari lipo, tena katika umbo la wingi, kwa maana ya herufi na maandishi. Yaani watu hawajawa na vitabu vyao ila jina la kitabu wanalo! Wamelipata kwa nani? Wengine wanasema limetoka kwenye neno la muhuri, kunukku ya Kiakadi, lugha ya kale ya huko Iraki, ikapitia Armenia. Wengine wanalitafuta kwa watu wa Skandinavia. Wengine wanasema ni lao wenyewe, lina undugu na neno lao la kisiki cha mti.

Kwa hiyo wewe unayependa asili za maneno kama mimi, uliza limeandikwa wapi. Ukipewa jibu tamu, uliza tena limeandikwa wapi. Acheni haraka, acheni kumezeshwa, neno la watu sio la kukisia halafu unaapa.

Na wewe uliyeniandikia, anza na ile njia ya Waturuki, wengi wanaiegemea, ila kwenye daftari lako kile kinyota usikifute.