Simu janja ya kwanza: akaunti iwe yako tangu dukani

Pale Kariakoo, Mtaa wa Aggrey na mitaa inayouzunguka, watu wengi wanatoka dukani na simu mpya ya tachi ambayo akaunti iliyomo ndani si yao. Kijana wa dukani kaiwasha, kabuni barua pepe hapo hapo, kaweka paswedi ambayo kesho hata yeye hataikumbuka, kisha kamkabidhi mteja: "Iko tayari, mama." Simu itafanya kazi vizuri mpaka siku mteja atakaposahau namba ya kufungulia. Fundi akiiriseti, yaani kufuta kila kitu irudi kama ilivyotoka kiwandani, simu inawaka na kudai akaunti ya Google iliyokuwemo kabla, pamoja na paswedi yake. Ulinzi huo uliwekwa dhidi ya wezi, na simu haina namna ya kujua kwamba wewe ndiye mwenye mali.

Kwa hiyo anayehama kutoka kwenye kitochi ashike hili kabla ya mengine yote: kufungua akaunti ni kazi ya vidole vyake mwenyewe, hata kama itamchukua saa nzima. Dukani simu iwashwe kwa ajili ya kukaguliwa tu. Ikifika kwenye ukurasa wa akaunti ya Google, gusa neno la kuruka hatua hiyo, itakuingiza ndani bila akaunti. Hiyo inatosha kabisa kwa ukaguzi.

Anza na boksi. Ukiona limeandikwa RAM GB 8 (RAM ni kumbukumbu ambayo simu inaitumia kuendesha programu zilizofunguliwa), tafuta maandishi madogo pembeni. Mara nyingi utakuta 4+4, maana yake GB 4 ndizo za kweli, na 4 nyingine zimeazimwa kutoka kwenye nafasi ya kuhifadhia picha na mafaili. Nafasi hiyo ina kasi ndogo kuliko RAM, kwa hiyo usilipie GB 8 ambazo hazipo. Kwa simu ya kwanza, RAM ya kweli ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 ni kiwango kizuri. Zipo za GB 2 zenye Android Go, toleo jepesi la mfumo wa Android, na kwa WhatsApp na kutuma pesa zinatosha, lakini ukifungua vitu viwili vizito kwa pamoja zinakwama. Hifadhi ya GB 32 tunaishauri pale tu bajeti inapogoma, kwa sababu mfumo wenyewe unachukua sehemu kubwa na magrupu ya WhatsApp yatamaliza iliyobaki.

Sasa piga *#06#. Itatokea IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, yenye tarakimu 15. Simu ya laini mbili inaonyesha mbili. Zilinganishe na zilizoandikwa kwenye boksi, tarakimu kwa tarakimu. Kisha tuma IMEI hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, namba ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) ya kuhakiki simu. Jibu linakuja na jina la kampuni na modeli. Likitaja modeli tofauti na uliyoshika, IMEI hiyo imenakiliwa kutoka simu nyingine. Rudisha na uondoke. Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia nchini, na wengi walijua kuwa zao ni feki siku zilipokata mtandao.

Usiondoke kaunta bado. Weka laini yako, piga simu, sikiliza kwa sikio na kwa spika. Shika alama ya programu yoyote kwa kidole, ivute taratibu hadi kila kona ya kioo. Ikiponyoka kwenye mstari mmoja kila unapopita hapo, tachi ina sehemu iliyokufa. Piga picha kwa kamera zote. Chomeka chaja ya kwenye boksi uone kama inaingiza moto, na usome maandishi yake: 5V 2A ni wati 10, na betri ya mAh 5000 kwa chaja hiyo itachukua takriban saa tatu. Chaja ya barabarani yenye nusu ampea itakulaza na simu haijajaa. Mwisho, dai risiti ya EFD na IMEI iandikwe juu yake. Muuzaji anayesema risiti haina umuhimu anakutoa kwenye waranti.

Ukinunua yuzidi, mwambie muuzaji airiseti mbele yako. Ikiwaka ikaomba akaunti ya mtu, hiyo simu si yake kuiuza, au hajaitoa akaunti yake. Ama aitoe hapo hapo, ama uiache. Tatizo lingine siku hizi ni simu za mkopo. Mtu anachukua simu kwa malipo ya kila siku, analipa kidogo, anaiuza kwa bei ya kutupa. Kampuni iliyokopesha ina programu ya kuifunga kutoka mbali, na programu hiyo haitoki hata simu ikiriseti. Wakati wa kuwasha, soma kama kuna maneno yanayosema simu inasimamiwa na kampuni fulani. Yakiwepo, usitoe hata shilingi.

Ukifika nyumbani ndipo simu ifunguliwe kwa kweli. Chagua Kiswahili kama ndicho unachosoma haraka. Anayekuambia uiache Kiingereza kwa kuwa mafundi wamekizoea anasahau kwamba mtumiaji ni wewe. Tafuta Wi-Fi ya jirani au ndugu kwa siku ya kwanza, maana programu zote zitataka kujisasisha kwa pamoja na zinaweza kumeza mamia ya MB kabla hujatuma hata salamu.

Kwenye kutengeneza akaunti, tumia jina lako na tarehe yako halisi ya kuzaliwa. Paswedi iandike kwenye daftari linalobaki nyumbani, usiihifadhi ndani ya simu hiyo hiyo. Halafu Google itaomba namba ya simu ya kukusaidia ukisahau, na hapa wengi wanateleza: laini wanayotumia ilisajiliwa kwa alama za vidole za shemeji au mwajiri. Laini ikipotea, mwenye jina ndiye anayeweza kuirudisha, na njia ya kuingia kwenye akaunti yako inabaki mikononi mwake. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ya kwako ikikosekana, nenda kwa mtoa huduma ukasajili laini kwa jina lako kabla ya kuendelea. Ukikuta namba usiyoijua, iripoti ifutwe.

Kwa kufunga kioo, tunapenda namba ya tarakimu 6 kuliko patani, kwa sababu patani inaacha mchoro wa mafuta ya kidole ambao mtu anausoma akiinamisha simu kwenye mwanga. Isiwe namba ile ile ya M-Pesa, Airtel Money au mtandao wowote unaotumia.

WhatsApp pakua Play Store peke yake, duka la programu lililomo ndani ya simu. Achana na GB WhatsApp na nyingine zinazorushwa kwenye magrupu. Si za kampuni yenyewe na namba yako inaweza kufungiwa. Wakati wa kujisajili utatumiwa kodi ya tarakimu 6. Asiijue mtu, hata anayejitambulisha kuwa huduma kwa wateja, maana mwenye kodi hiyo ndiye anayehamisha WhatsApp yako kwenda kwenye simu yake. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye mipangilio siku hiyo hiyo. Kisha ingia sehemu ya hifadhi na data, uzime upakuaji wa picha na video unaojiendesha wenyewe. Hatua hii ndogo inaokoa bando na nafasi kuliko nyingine yoyote. Kwenye Play Store nako, weka programu zijisasishe kwa Wi-Fi tu. Na bando likiisha, zima data, kwani salio la kawaida linaweza kulambwa bila wewe kugusa kitu.

Programu za mikopo zitakujia haraka kwenye matangazo. Zikiomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu, kataa. Majina hayo ndiyo yanayotumika kuwapigia wazazi na wakubwa zako wa kazi ukichelewa kulipa siku moja. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni, kwa hiyo kabla ya kukopa, hakiki kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" upeleke 15040, namba ya kuripoti matapeli, na usiujibu.

Joto la Dar linaua betri pole pole. Simu isikae kwenye dashibodi ya gari juani wala kuchajiwa chini ya mto.

Kwenye daladala na mwendokasi isikae mfuko wa nyuma, na ukisimama barabarani ipe mgongo pikipiki inayokuja na simu uishike kwa mkono wa upande wa ukuta. Weka pia namba ya siri kwenye laini yenyewe, kwenye mipangilio ya usalama, ili kibaka asiihamishie kwenye kitochi na kuanza kubahatisha pesa zako. Angalia kwanza namba ya siri ya kuanzia na PUK (namba ya kuifungua laini ikijifunga) kwenye kadi uliyobandulia laini, maana ukikosea mara tatu laini inajifunga. Simu ikiibwa, kwanza azima simu ya mtu upige 100 kwa mtandao huo huo wa laini yako, wafunge laini na akaunti ya pesa. Pili, ingia kwenye huduma ya Google ya kutafuta simu kwa akaunti na paswedi yako, uifunge au kuifuta kutoka mbali. Tatu, nenda polisi na risiti pamoja na boksi lenye IMEI, uchukue taarifa ya upotevu, ndiyo mtandao utakayoidai ukiomba simu ifungiwe.